Nakala ya Saba

Mashine yenyewe ilikuwa ya kukamua miwa.
Bi Kwandu aliinunua kwa muuza juisi wa Kirumba
aliyeshindwa kodi ya kibanda,
akaipandisha Mabatini kwa mkokoteni, jiwe kwa jiwe,
akaisugua kwa jivu na ndimu wiki nzima.
Bado sisimizi walikuja,
wakatembea juu ya karatasi zilizoloweshwa
kama watu waliosikia kuna msiba wenye chakula.

Sindano ilikuwa ya cherehani, kaipachika kwenye tete.
Wino aliupangusa kwa chandarua cha kliniki,
akisema ziwa hili limeona vyandarua
vikifanya mabaya kuliko haya.

Alikuja kwetu saa moja asubuhi,
jua linapopenya kati ya yale mawe mawili
na kuangukia beseni.
Sura hakuzitaka. Sura, alisema, kila mtu anayo.
Alitaka ule mwanga unaotetemeka
kwenye tumbo la mtoto maji yanapotulia,
kitambo kidogo tu, kabla mtoto hajapiga teke.
Mtoto ni mimi. Nilipiga teke.
Mama akacheka, na shaba ikakidaka kicheko:
mkwaruzo mmoja, karibu na sikio.

Mama alikuwa mashoto.
Nyumbani kwa bibi hilo lilikuwa kosa la kila siku.
Mwiko ukishikwa kushoto, bibi hali ugali.
"Mjukuu wangu anaogeshwa kwa mkono wa chooni!"
aliuambia ukuta, ili mama asikie.
Mama akajifunza mkono wa kulia mbele za watu
kama mtu anavyojifunza lugha ya ofisini.
Asubuhi ile bibi alikuwa Mwaloni, kwenye dagaa.

Zilitoka nakala kumi na mbili.
Moja ya samawati, moja ya kijivu
cha mvua inayovuka kutoka Ukerewe;
moja visubi wa ziwani waliingia dirishani
wakanasa kwenye wino mbichi, hakuwatoa.
"Nao walikuwepo," alisema.
Ya saba alitupa sisi.
Bibi akaishika mbali na macho, akaisogeza,
akamwona mkwewe ananiosha kwa mkono wa kulia.
"Mmeona? Akitaka, anaweza."
Akaitundika mwenyewe, juu ya redio.

Miaka thelathini nimekula chini ya picha hiyo.
Sikujiuliza kwa nini ziwa limekaa upande wa jikoni,
wala kwa nini kovu langu la chanjo
limehama bega.
Mtu huamini kilichotundikwa juu ya redio.

Juzi, Igogo, kwa muuza vyuma chakavu,
kati ya koili za feni na bomba lililopinda,
nikaona kisigino changu.
Shaba, ukubwa wa daftari,
imepigwa mstari kona hadi kona isichapwe tena,
ndivyo wafanyavyo hesabu ikitimia.
Nikaifuta kwa shati.
Chini ya ule mstari mama alikuwa ananiosha kwa mkono wake.
Kushoto. Ziwa mahali pake, kovu mahali pake.
Muuzaji akaiweka kwenye mizani,
akanitajia bei ya shaba.

Bi Kwandu alijua, bila shaka.
Bamba na karatasi hutazamana kama mtu na kioo,
na aliyetaka kugeuza angegeuza mapema.
Bibi alipewa karatasi.
Shaba aliificha, sijui wapi, hadi alipokufa
na wapwa zake wakafagia chumba.

Nimempelekea mama. Macho yake siku hizi ni ukungu.
"Hiki nini, sinia?"
Gusa, nikamwambia.
Akanyamaza. Bibi hayupo, redio iliuzwa zamani,
hata hivyo aligeuka kwanza kuelekea mlangoni.
Kisha akanyoosha kidole, akaufuata mkwaruzo
taratibu, kutoka kiwiko hadi majini,
na mimi, mtu mzima, badala ya kumtazama usoni
nilikuwa natazama ni mkono gani.